Mkasi wa Kukatia Nondo: Upi Wafaa Nyumbani, na Upi Chamani

Msimu wa ununuzi unapofunguliwa, ni mambo machache yanayoleta usumbufu mkubwa kwa sababu ndogo kama ufunguo uliopotea. Wanachama wamefika na mizigo yao tangu alfajiri, mizani imo ndani ya ghala, magunia yamo ndani ya ghala, na kufuli limening'inia mlangoni. Aghalabu kinachofuata ni nyundo na mtaimbo. Kufuli hufunguka, lakini pamoja nalo hung'oka komeo, hupasuka ubao wa mlango, na mara nyingine fremu nzima hulegea ukutani. Kufuli ni kitu cha bei ndogo. Mlango wa ghala si kitu cha bei ndogo, na gharama ya kuutengeneza hutolewa katika fungu ambalo wanachama walilipitisha kwa kazi nyingine.

Chombo cha kuimaliza kazi hiyo bila kuuharibu mlango kipo, nacho ni mkasi wa kukatia nondo, yaani ule mkasi mkubwa wenye mipini mirefu na mataya mafupi manene. Siku hizi unauzwa katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, kwa ukubwa na bei zinazotofautiana sana, na ndiyo sababu wanunuzi wengi hukosea. Mmoja hununua mdogo kwa kuwa ni rahisi, nao ukapinda siku ya kwanza. Mwingine hununua mkubwa kupita kiasi akidhani kwamba urefu peke yake ndio nguvu, kisha ukakaa stoo miaka mitano kwa kuwa ni mzito mno kwa mtu mmoja kuubeba na kuuelekeza. Mwenye kuutumia mkasi mara mbili au tatu kwa mwaka hana budi kuuchagua kwa uangalifu kuliko fundi anayeutumia kila siku, kwa sababu fundi huutambua upungufu wa chombo chake mapema na kukibadili, ilhali mtumiaji wa mara chache huutambua upungufu huo siku ile ile anayokihitaji.

Lakini kabla ya kuuliza mkasi upi, yafaa kuuliza kama mkasi wenyewe unahitajika. Nyumba ambayo kazi yake yote ya kukata chuma ni kufuli moja baada ya miaka kadhaa, au kipande cha waya wa banda la kuku, haihitaji mkasi. Msumeno wa chuma wenye bamba jipya la meno 24 kwa inchi utalikata kufuli la kawaida kwa dakika chache, nao ni rahisi kuununua na hauchukui nafasi. Ugumu wake ni mmoja: kitu kinachokatwa na msumeno lazima kitulie. Kufuli lililoning'inia hucheza, bamba likakwama na kuvunjika. Mtu wa pili akilishika kufuli kwa koleo na kulivuta chini, kazi huendelea vizuri.

Wapo wanaopendelea mashine ya umeme ya kukatia chuma, ile inayoitwa grainda. Hiyo hukata kila kitu, kufuli gumu na nondo nene, na karakana ina haki ya kuitumia. Mlangoni pa ghala la ushirika ni habari nyingine. Grainda hurusha cheche kwa umbali wa mita kadhaa, na cheche hizo ni vipande vya chuma vyenye moto wa kutosha kuwasha pamba, vumbi la magunia, au majani makavu yaliyokusanyika chini ya mlango. Moto wa pamba una tabia ya kufukuta ndani kwa saa nyingi bila kuonekana. Watu hufungua ghala, hupima, hufunga, huenda nyumbani, na usiku ndipo ghala huwaka. Chama kinachohifadhi pamba, katani, magunia au karatasi kina sababu ya kutosha kumiliki mkasi hata kama kitautumia mara moja tu kwa mwaka, maana mkasi hauna cheche za namna hiyo.

Nguvu ya mkasi huu hutokana na nyenzo mbili zilizounganishwa, wala haitokani na ukali wa makali yake. Mipini ni wenzo wa kwanza: mikono ya mtu hushika mbali na egemeo, na upande wa pili wa egemeo hilo, kwa umbali mdogo sana, mpini husukuma mkia wa taya. Taya nalo ni wenzo wa pili, lenye egemeo lake mwenyewe, mkia wake ukiwa mrefu na mdomo wake ukiwa mfupi. Ichukuliwe kwa mfano mikono imeshika kwa umbali wa sentimita 45 kutoka kwenye egemeo la mipini, na kiungo cha taya kiko sentimita 2.5 tu upande wa pili. Hapo nguvu huzidishwa mara 18. Kisha mkia wa taya uwe na sentimita 8, na chuma kinachokatwa kiwe sentimita 2 kutoka kwenye egemeo la taya. Nguvu huzidishwa tena mara 4. Jumla ni mara 72. Mtu anayesukuma kwa uzito wa kilo 25 hupata penye makali uzito wa kilo 1,800, pasipo kuhesabu kiasi kinachopotea kwa msuguano.

Hesabu hii inaeleza kosa moja lililo la kawaida kuliko yote. Mtu huingiza chuma kwenye ncha ya mataya kwa kuwa ndipo panapoingia kwa urahisi. Kama ncha iko sentimita 4 kutoka kwenye egemeo, mara 4 za taya zimekuwa mara 2, na kilo 1,800 zimekuwa 900. Mkasi ule ule, mtu yule yule, na nusu ya nguvu imepotea. Tena ncha ndiyo sehemu nyembamba ya taya, na ndiyo inayomeguka kwanza. Chuma huingizwa ndani kabisa ya mataya kadiri kinavyoweza kufika.

Upande wa chuma nao una hesabu yake. Chuma laini cha kawaida huhitaji takriban kilo 33 kwa kila milimita ya mraba ili kikatike. Fito ya milimita 6 ina eneo la milimita za mraba 28, hivyo yahitaji kilo 900 na zaidi kidogo. Fito ya milimita 8 ina eneo la 50, nayo yahitaji kilo 1,650. Ya milimita 10 hufikia kilo 2,600, na ya milimita 12 hufikia kilo 3,700. Unene ukizidishwa mara mbili, kutoka 6 hadi 12, kazi haizidi mara mbili bali mara nne. Hapo ndipo wanunuzi wanapodanganyika dukani. Mkasi uliokata fito ya milimita 8 bila taabu huonekana kama kwamba utaikata ya 12 kwa kukaza mikono kidogo tu, kumbe ya 12 inadai zaidi ya mara mbili ya nguvu hiyo.

Mikasi hii huuzwa kwa urefu, unaotajwa kwa inchi: 14, 18, 24, 30, 36 na 42. Watengenezaji wanaoaminika hutaja pia unene ambao mkasi unaweza kukata, na hutaja unene huo kwa zaidi ya aina moja ya chuma: wa chuma laini, wa chuma cha kati, na wa chuma kigumu. Kwa kadiri, mkasi mzuri wa inchi 14 hukata milimita 8 za chuma laini na milimita 5 tu za chuma kigumu. Wa inchi 18 hukata milimita 9 za laini na 6 za kigumu. Wa inchi 24 hukata 11 za laini na 8 za kigumu, na wa inchi 36 hukata 14 za laini na 11 za kigumu. Mikasi ya bei nafuu kwa kawaida huwa na tarakimu moja tu iliyochapwa kwenye karatasi ya mpini, nayo ni ile ya chuma laini, mara nyingine ikiwa imeongezwa chumvi. Mnunuzi anayekuta tarakimu moja peke yake na aihesabu kuwa ya chuma laini, kisha aipunguze kwa theluthi moja kabla ya kuamini kwamba mkasi huo utalikata kufuli.

Sasa ni nini hasa kinachokatwa nyumbani na chamani? Waya wa seng'enge una unene wa milimita 2 hadi 2.5 na haumshindi mkasi yeyote. Mnyororo wa kufungia mbwa au baiskeli huwa na pete za milimita 4 hadi 6. Kufuli la kawaida la nyumba lina kitanzi cha milimita 5 hadi 8. Nondo za kufungia ringi za nguzo ni za milimita 6 au 8, na nondo za linta na nguzo zenyewe ni za 10, 12 na 16.

Katika nondo ipo tofauti ambayo imekuwa kubwa kuliko ilivyokuwa zamani. Nondo laini zisizo na mistari, ambazo nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwazo, ni chuma kilaini. Kipimo cha Uingereza namba 4449 cha mwaka 1988 kiliziweka katika daraja la 250, na nondo za mistari katika daraja la 460. Marekebisho ya mwaka 2005 yaliliacha daraja la 500 peke yake. Tarakimu hizo ni nguvu ya chuma kabla hakijaanza kunyooka, kwa nyutoni katika milimita ya mraba. Maana yake kwa mwenye mkasi ni nyepesi kufahamu: nondo ya mistari ya milimita 10 haikatiki kama nondo laini ya milimita 10, na mkasi wa inchi 24 uliotajwa kukata 11 utaikata kwa shida, au utaikata mara kumi kisha makali yakaingia pengo. Kwa hiyo mwanachama anayejenga asinunue mkasi wa nyumbani kwa ajili ya nondo za 12. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye chombo chake, au msumeno na subira.

Makufuli nayo yana siri yake. Makufuli mengi ya bei ya kati na ya juu yana kitanzi kilichokazwa kwa moto, yaani ngozi ya chuma imefanywa ngumu kuliko moyo wake, na mengi yamegongwa neno HARDENED kwenye kitanzi. Kufuli la namna hiyo lenye milimita 8 linafikia mpaka wa mkasi mzuri wa inchi 24, na lenye milimita 10 limepita. Kwa kuwa alama hugongwa pia kwenye bidhaa zisizostahili, na makufuli mengine magumu hayana alama yoyote, tupa ni shahidi bora kuliko maandishi. Tupa ndogo hupitishwa kwenye kitanzi kwa mikwaruzo miwili mitatu. Ikiuma na kuacha mfuo unaong'aa, chuma ni laini na mkasi utapita. Ikiteleza kama inayopitishwa juu ya kioo, chuma kimekazwa, na mwenye mkasi mdogo na auweke chini. Kipimo hiki huchukua nusu dakika, na huokoa mataya ambayo bei yake yaweza kufikia nusu ya bei ya mkasi mzima.

Kufuli likiwa gumu, jambo la kutazama ni komeo. Mara nyingi sana mtu amenunua kufuli zuri la kitanzi kilichokazwa, kisha akalitundika kwenye pete ya chuma laini ya milimita 6 iliyochomelewa mlangoni. Mkasi hukata pete hiyo kwa mkupuo mmoja, na kufuli likaanguka chini zima. Hii ni habari njema kwa katibu aliyepoteza ufunguo, na ni habari mbaya kwa chama chake, kwa kuwa mwizi naye anaiona pete ile ile. Bodi inayojadili ununuzi wa mkasi ingefanya vyema kulitazama siku hiyo hiyo komeo la ghala: pete isipungue unene wa kitanzi cha kufuli, na kitanzi kiwe kifupi kiasi kwamba kufuli likifungwa haibaki nafasi ya kuingiza mataya. Nafasi hiyo ndiyo inayompa mwizi kazi rahisi, kuliko hata ulaini wa chuma.

Dukani, mkasi hutazamwa mataya kwanza. Mataya yaliyofuliwa yana uso mzito ulionyooka, na aghalabu yana alama ya chuma chake. Alama Cr-Mo au Cr-V ni chuma kilichochanganywa na kromi pamoja na molibdeni au vanadi, nacho huvumilia mshtuko. Alama T8 ni ya daraja la China la chuma cha zana chenye kaboni ya asilimia 0.8 hivi, bila mchanganyiko mwingine wa maana. Hukata vizuri kikiwa kipya, lakini humeguka upesi zaidi kikikutana na chuma kigumu. Kwa matumizi ya mara chache T8 si haramu, mradi bei yake iwe ya T8. Mkasi usio na alama yoyote na uachwe palepale.

Kisha mkasi hufungwa na kuinuliwa kuelekea mwanga. Makali mawili yanapaswa kukutana sawasawa kwa urefu wote, au kubakiza mstari mwembamba wa mwanga, mwembamba kama karatasi, wenye upana ulio sawa kutoka ndani hadi nje. Mstari ukiwa mpana upande mmoja, mataya hayakulingana. Makali yakigongana kabla mipini haijafika mwisho, kila mkato utayapiga makali yenyewe kwa yenyewe. Mkasi mzuri una skrubu au bolti maalumu ya kurekebisha jambo hilo, na muuzaji anayeujua mkasi wake ataionyesha. Maungio yote yawe ya bolti na nati. Yaliyopigwa ribiti hayawezi kukazwa yakilegea, wala mataya hayawezi kubadilishwa. Iulizwe kama mataya ya akiba yanauzwa. Jibu likiwa hapana, mnunuzi ajue kwamba ananunua chombo cha kutupwa.

Namna ya makali nayo ni ya kuchagua. Yapo mataya yenye makali katikati, yaliyochongwa pande zote mbili, na yapo yaliyochongwa upande mmoja ili yakate sambamba na uso wa kitu, kama kichwa cha bolti kilichobana kwenye bati. Ya pili ni ya kazi maalumu, na makali yake ni membamba na dhaifu zaidi. Nyumba na chama na vichague ya katikati.

Mwenye duka akiruhusu, jaribio bora ni msumari wa inchi 6, ambao una unene wa milimita 6 hivi na hupatikana katika duka lile lile. Hukatwa mara tatu, kila mara ukiwa umeingizwa ndani ya mataya, kisha makali hutazamwa na kupapaswa kwa ukucha. Mkasi wa inchi 18 au 24 ulioonyesha kidimbwi chochote katika makali kwa sababu ya msumari hauna siku nyingi za kuishi. Mipini nayo itazamwe wakati wa kukata: ikipinda na kurudi kama fimbo ya kuvulia samaki, bomba lake ni jembamba mno.

Kwa hayo yote, chaguo la nyumba ni mkasi wa inchi 18, wenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, unaoweza kutumiwa na mtu mmoja juu ya ngazi au mlangoni. Utakata seng'enge, mnyororo wa kawaida, ringi za milimita 6 na kufuli laini. Chaguo la chama ni inchi 24. Wa inchi 36 una kilo 6 au karibu yake, hutaka mahali pa kusimama na watu wenye misuli, na vitu vinavyouhitaji havipo katika kijiji kilicho kingi. Wa inchi 14 hautoshi kwa kufuli na umezidi kwa waya. Koleo zuri hufanya kazi yake.

Lipo hata hivyo swali ambalo wanachama wangelitazama kwanza, nalo ni kwa nini nyumba 30 za kijiji kimoja zinunue mikasi 30 ya bei ya chini, wakati kila moja itaufungua mkasi wake mara mbili kwa mwaka. Fedha ya mikasi michache tu kati ya hiyo hununua mmoja ulio bora wa inchi 24 pamoja na mataya ya akiba, nao ukawa mali ya chama, ukaazimwa. Vyama vimefanya hivyo kwa mizani, mabomba ya kupulizia dawa na mashine za kukoboa, na hakuna sababu ya kutofanya hivyo kwa chombo kinacholala siku 360.

Tofauti ni kwamba bomba la dawa halifungui milango ya watu. Mkasi huu ni chombo cha fundi mchana na chombo cha mwizi usiku, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayekutwa usiku na chombo cha kuvunjia nyumba bila sababu halali, na ni juu yake mwenyewe kuithibitisha sababu hiyo. Mwanachama anayerudi shambani jioni na mkasi wa chama begani aweza kusimamishwa na mgambo, na asiwe na la kuonyesha. Kwa hiyo mkasi wa chama hauazimwi kwa maneno. Hutolewa kwa saini katika kitabu, kikitaja jina la mwanachama, kazi anayokwenda kufanya, na siku na saa ya kurudisha, na mwanachama hupewa nakala yenye muhuri. Hurudishwa kabla ya jua kuchwa. Hauazimwi kwa asiye mwanachama, hata akiwa jamaa wa mwenyekiti, na pengine hasa akiwa jamaa wa mwenyekiti.

Ukatwaji wa kufuli la chama lenyewe unahitaji utaratibu mkubwa zaidi. Kufuli la ghala huwa na funguo zaidi ya mmoja mikononi mwa watu tofauti kwa sababu maalumu, na katibu akilikata peke yake, hata kwa nia njema kabisa, amejiweka mahali ambapo upungufu wowote wa gunia moja utaelekezwa kwake. Wawepo wajumbe wawili wa bodi na mlinzi wa zamu. Iandikwe hati fupi yenye saa ya kukata, hali ya kufuli na lakiri kabla ya kukatwa, hesabu ya magunia iliyofanywa mara baada ya mlango kufunguliwa, na namba ya kufuli jipya. Kufuli lililokatwa lisitupwe. Lifungwe katika bahasha pamoja na hati hiyo mpaka ukaguzi wa hesabu upite, kwa maana kitanzi kilichokatwa na mkasi kina sura yake, kimeminywa pande mbili kama paa la nyumba, na mkaguzi ataitambua. Ghala lenye mazao yaliyotolewa stakabadhi chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya 2005 ni jambo jingine kabisa: anayewajibika kwa mazao hayo ni mwendesha ghala, na kufuli haliguswi pasipo yeye kuwapo.

Kazi yenyewe ikifika, macho ndiyo yanayohitaji kulindwa kwanza. Chuma kigumu hakikatiki kimya. Hupasuka, na kipande huruka kwa kasi ya kutosha kupofusha. Miwani ya kazi ivaliwe, na gunia lifunike mahali pa kukatia. Mipini isiongezewe bomba la kurefusha: mkasi uliofika mwisho wa nguvu ya mtu umefika pia karibu na mwisho wa nguvu ya mataya yake, na bomba huyavunja. Mataya yasizungushwe kushoto na kulia yakiwa yameuma chuma, wala mpini usipigwe nyundo. Kitanzi kilichokatwa upande mmoja mara nyingine hugeuka na kufungua. Kisipogeuka kikatwe upande wa pili. Pete ya mnyororo hukatwa pande zote mbili. Kamba ya waya uliosokotwa isikatwe na mkasi huu kabisa, kwani huibana na kuifumua bila kuikata, na nyuzi zake huyatoboa makali.

Seng'enge iliyovutwa sana kwenye ua ina nguvu iliyojificha. Ikikatwa katikati ya nguzo mbili hurudi nyuma kama mjeledi wenye miiba. Hukatwa karibu na nguzo, mkataji akiwa amesimama upande wa pili wa nguzo hiyo, na mtu mwingine asiwepo katika mstari wa waya. Na waya wowote usiojulikana unatoka wapi usiguswe. Mpira uliovishwa kwenye mipini ni wa kuzuia mkono usiteleze. Haukutengenezwa kuzuia umeme, na volti 230 zitapita mpaka mkononi.

Utunzaji wake ni mdogo. Tone la mafuta katika kila egemeo baada ya kazi, kitambaa chenye mafuta juu ya mataya, na bolti kuangaliwa kama zimelegea. Pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma katika majuma machache, kitambaa hicho kiachwe juu ya mataya daima. Makali yakiingia pengo yasijaribiwe kunolewa kwa tupa, haitauma. Hubadilishwa. Mkasi utundikwe mahali pakavu, ukiwa umefungwa, na mahali hapo pawe ofisini kwa katibu chini ya ufunguo wa ofisi. Vyama vingi huweka zana zao zote ghalani, na mkasi uliofungiwa ghalani hautamsaidia mtu yeyote siku ambayo ufunguo wa ghala umepotea.